Ajali Ina Kinga

Msibani, "ajali haina kinga" ni neno la huruma. Mama aliyefiwa haelezwi habari za uzembe huku jeneza liko sebuleni. Anapewa maneno ya kumshikilia asianguke. Sina ugomvi na methali hiyo ikikaa mahali pake. Ugomvi wangu unaanza inapotoka msibani ikaingia kazini. Kazini inageuka mlango wa nyuma, na wanaoutumia kutokea ni wale wale kila mara: waliopanga kazi, waliotoa fedha, waliosema fanyeni haraka. Anayebaki ndani ni yule aliyekutwa ameshika kitu mkononi.

Kazi ninayotaka kuizungumzia ni ya filamu, na kitu chenyewe ni bunduki. Najua wapo watakaouliza mtu wa Kahama anayesomea shahada ya uzamili ya sheria anatafuta nini huko. Nawajibu kwamba kanda yetu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, ina vijana wanaotengeneza filamu zao wenyewe, kwa kamera ya kukodi au simu nzuri, na kuziweka YouTube. Hadithi yetu kubwa ni dhahabu, na hadithi ya dhahabu haikosi bunduki: mnunuzi anavamiwa njiani, karasha linaporwa usiku, mlinzi anageuka jambazi. Mwongozaji akitaka bunduki ya bandia inayofanana na ya kweli, itabidi aiagize mbali, alipe na asubiri. Akitaka ya kweli, kuna mlinzi anayekesha na shotigani kwenye stoo mtaa wa pili. Huku kwetu bunduki ya kweli iko karibu kuliko ya bandia.

Tuanze na tukio lililofika mahakamani, ambalo kumbukumbu zake ziko wazi kwa yeyote. Oktoba 21, 2021, karibu na Santa Fe, jimbo la New Mexico, Marekani, kikosi cha filamu ya "Rust" kilikuwa kanisani kikifanya mazoezi ya tukio. Kanisa lenyewe lilikuwa sehemu ya seti. Mwigizaji mkuu, Alec Baldwin, alipewa bastola. Ilitangazwa kwamba ni "baridi", yaani haina risasi ya kuua. Ikafyatuka. Mpiga picha mkuu, Halyna Hutchins, akafariki, na mwongozaji Joel Souza akajeruhiwa. Wachunguzi walikuta risasi za kweli kwenye seti ile, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na hata moja.

Sasa angalia nani alilipa nini. Hannah Gutierrez-Reed, binti aliyekuwa na miaka 24 siku ya tukio na aliyekuwa mtunza silaha, alikutwa na hatia ya kuua bila kukusudia Machi 6, 2024. Akafungwa miezi 18. Msaidizi wa kwanza wa mwongozaji, David Halls, hakupinga shtaka la kutumia silaha kwa uzembe na akapewa miezi sita ya kifungo cha nje. Kesi ya Baldwin ilifutwa Julai 12, 2024, katikati ya usikilizwaji, kwa sababu upande wa mashtaka ulikuwa umeficha ushahidi. Kampuni ya filamu ilitozwa na mamlaka ya usalama kazini ya jimbo faini ya dola 136,793, ikakata rufaa, wakapatana dola 100,000. Filamu ikamaliziwa kupigwa, ikaoneshwa.

Simtetei mtunza silaha. Baraza la wazee wa mahakama lilisikiliza ushahidi, likaona ameshindwa kazi yake, nami sina sababu ya kulibishia. Lakini soma pia walichokikuta wakaguzi wa usalama kazini. Siku chache kabla ya kifo, bunduki zilikuwa zimefyatuka bila kutarajiwa kwenye seti hiyo hiyo, na kazi ikaendelea. Mtunza silaha alikuwa amepewa kazi mbili, silaha na vifaa vingine vya kuigizia, na alipoomba muda zaidi wa kushughulikia silaha alinyimwa. Asubuhi ya siku ile ile watu wa kamera walikuwa wameacha kazi wakilalamikia mazingira. Ripoti ilisema uongozi wa kampuni ulijua taratibu hazifuatwi na haukujali. Haya hayakuwa makosa ya mkono mmoja. Yalikuwa maamuzi ya ratiba na bajeti, yaliyofanywa na watu ambao hawakugusa bastola.

Na hapa ndipo mwanafunzi wa sheria anapokosa usingizi. Baldwin alikuwa pia mmoja wa watayarishaji wa filamu. Siku chache kabla ya kesi, jaji aliamua kwamba wazee wa baraza wasisikie habari za nafasi yake ya utayarishaji. Wamwangalie kama mwigizaji aliyeshika bastola, basi. Yaani kesi ya jinai iliyotazamwa na dunia nzima iliandaliwa kuuliza kuhusu kidole na kifyatulio. Swali la nani alipanga kazi ile liliachiwa faini.

Mtu atasema: si wangehakikisha tu kwamba bunduki haina kitu? Hilo ndilo jibu la kila seti, na ni jibu la hatari, kwa sababu bunduki inaua kwa njia zaidi ya moja. Machi 31, 1993, huko Wilmington, North Carolina, Brandon Lee alikufa akiigiza filamu ya "The Crow". Waliomtayarishia tukio walikuwa wametengeneza risasi za kuonesha kwa kamera kutokana na risasi za kweli: wakaondoa baruti, wakaacha kichwa mahali pake, na kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda kikabaki kizima. Kifyatulio kilipovutwa, kiwashio peke yake kikasukuma kichwa hadi ndani ya mtutu, kikanasa humo. Baadaye bunduki ile ile ikawekwa risasi tupu, yenye baruti bila kichwa. Baruti ikakisukuma nje kichwa kilichonasa, na mtu akafa kwa bunduki ambayo kila aliyeitazama aliona ina risasi tupu. Miaka tisa kabla yake, mwigizaji Jon-Erik Hexum alijielekezea kichwani bastola yenye risasi tupu kwa utani. Kishindo cha karibu kilivunja fuvu, na baada ya siku kadhaa akafariki. Kwa hiyo mtu anayefungua bunduki, akachungulia, akasema "haina kitu", anaweza kuwa anasema kweli kabisa na bado amekosea.

Watu wa kwetu hawahitaji kwenda Marekani kulielewa hili. Wanalijua kutokana na baruti. Kwenye uchimbaji, baruti haishikwi na yeyote aliye karibu. Inatakiwa iwe kwenye stoo iliyoruhusiwa, mbali na fataki zinazoiwasha, na kila inayotoka iandikwe na inayorudi iandikwe. Anayelipua awe na cheti. Baada ya mlipuko watu wanasubiri moshi utoke, na mwenye cheti anatangulia kuangalia kama kuna tundu ambalo halikulipuka, kabla mwingine hajashuka. Hakuna anayemkabidhi mgeni fataki akamwambia "tulia, hii haina neno". Na leseni ya uchimbaji ina jina. Likitokea la kutokea, serikali inajua mlango wa kugonga kwanza.

Sisemi migodi yetu ni mfano wa usalama. Ningekuwa mwongo. Oktoba 2015, Nyangalata wilayani Kahama, kifusi kiliwafungia wachimbaji ardhini, na watano walitolewa baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa kula mende na vyura. Januari 2017, watu 15 walinaswa kwenye mgodi wa RZ, Nyarugusu mkoani Geita, wakaokolewa wote. Agosti 2025, Nyandolwa wilayani Shinyanga, watu 25 walifukiwa. Karatasi haizuii ardhi kuporomoka. Lakini karatasi inafanya kitu kimoja ambacho sanaa yetu haina: inaandika jina la mwenye wajibu kabla ya ajali, wakati bado hakuna mtu mwenye sababu ya kulikimbia. Baada ya ajali kila mtu alikuwa mahali pengine.

Niliyaona haya kwa macho yangu kwenye seti ya filamu fupi, nje kidogo ya mji mmoja wa machimbo. Nilikuwa nimealikwa kusaidia mambo ya mavazi. Bunduki iliazimwa kwa mlinzi wa usiku, mzee wa makamo ya baba yangu, kwa shilingi elfu ishirini. Mfadhili alikuwa mjini. Alipiga simu kusisitiza kwamba anataka bunduki ya kweli, maana ya mbao itachekesha watu. Mzee aliikunja shotigani, akatoa risasi mbili, akazitia mfuko wa koti.

"Shikamoo baba. Hizo risasi zitakaa kwako muda wote?" nikamuuliza.

"Marahaba mwanangu. Zinakaa kwangu."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuwa pale kwenye kivuli. Usiku kucha sijalala."

Nikamgeukia mwongozaji, kijana tuliyesoma naye sekondari. "Kaka, ikitokea kitu, nani anajibu?"

"Dada, haitatokea kitu. Haina risasi, umeona mwenyewe."

"Sijauliza kama itatokea. Nimeuliza nani anajibu."

Alicheka, akawaangalia wenzake, nao wakacheka. Nikaitwa mnoko. Nilimwambia binti aliyekuwa aelekezewe mtutu, aliyemaliza kidato cha nne mwaka ule, kwamba ana haki ya kukataa. Akanijibu kwa sauti ndogo kwamba akikataa, yuko mwingine anasubiri nafasi. Nikaacha mavazi yao nikaondoka. Jioni walinitumia ujumbe: tukio limetoka zuri, hakuna aliyeumia.

Hakuna aliyeumia, na kwa sababu hiyo watarudia. Bahati ni mwalimu mbaya: inampa mtu cheti cha kazi ambayo hajasoma. Seti ya "Rust" nayo ilipewa siku kadhaa za bahati kati ya bunduki iliyofyatuka kwanza na ile iliyoua.

Sasa chukulia kwamba mzee alisahau, kwamba kulikuwa na risasi ya tatu. Nani angelala mahabusu usiku ule? Mzee, kwa kuazimisha silaha ya mwajiri wake. Kijana aliyevuta kifyatulio. Pengine mwongozaji. Mfadhili, aliyeipa kazi ile masharti yake kwa simu, angekuja msibani na mchango mnono, na angesema ajali haina kinga.

Je, sheria ya Tanzania inamfikia mfadhili huyo? Nchi hii ilizoea kusikia maneno "kuua bila kukusudia" kupitia kesi iliyofuata kifo cha Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga aliyeifikisha Bongo Movie hadi kwa wasanii wa Nigeria, na aliyefariki Aprili 7, 2012. Kesi ile, iliyoamuliwa Novemba 2017, haikuhusu bunduki wala seti. Lakini iliwaachia wengi picha moja: kwamba kosa hili ni la watu wawili chumbani, mmoja amefanya kitendo, mwingine amekufa. Kifungu cha 195 cha Kanuni ya Adhabu ni kipana kuliko picha hiyo. Kinasema mtu anaua bila kukusudia kwa kitendo kisicho halali, au kwa kutotenda. Na huko kutotenda kunaelezwa kuwa ni uzembe wa kustahili lawama katika kutimiza wajibu wa kulinda uhai au afya ya mtu. Kwa hiyo mtu anaweza kuua bila kugusa chochote, kwa kuacha kufanya lililokuwa jukumu lake.

Ufunguo ni neno "wajibu". Wajibu wa nani? Mwendesha mashtaka akisimama mahakamani kusema mtayarishaji alizembea, lazima kwanza aoneshe kwamba usalama wa silaha ulikuwa jukumu la mtayarishaji. Kwenye seti zetu, ambako mikataba mingi ni ya mdomo na cheo cha "prodyuza" anaweza kupewa hata aliyelipia chakula, atauonesha wapi? Wakili mzuri wa utetezi atamaliza kesi hiyo kabla ya chakula cha mchana. Haki haitakosekana kwa kukosa kifungu cha sheria. Itakosekana kwa kukosa jina kwenye karatasi.

Sheria nyingine zipo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeiweka silaha chini ya leseni ya mtu au taasisi iliyotajwa. Bunduki haiazimwi kama jembe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde walio kazini kwake, na seti ni mahali pa kazi hata kama watu wanacheka. Na ipo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, ambayo inataka kibali kabla ya kupiga filamu, na ombi la kibali liambatane na maelezo ya matukio na maneno yatakayosemwa. Fikiri maana yake. Bodi ya Filamu ni taasisi ya umma yenye nguvu ya kisheria ya kuisoma bunduki ikiwa bado iko kwenye karatasi, wiki kadhaa kabla haijashikwa na mtu. Polisi hawana nafasi hiyo, wakaguzi wa kazi hawana. Mjadala wa umma kuhusu Bodi umekuwa miaka yote wa maadili: sketi fupi, busu, lugha chafu. Nami nauliza, kama tunaweza kusimamisha ukurasa kwa sababu ya busu, tunashindwaje kuusimamisha kwa sababu ya mtutu?

Kwa hiyo nadai mambo manne, na ninayaita madai kwa sababu ushauri umeshatolewa mwingi.

La kwanza, bunduki yenye uwezo wa kufyatua risasi isikanyage seti ya filamu Tanzania. Iwe ya mlinzi, ya mgambo, ya mjomba mwenye leseni, au gobole la babu lililotundikwa ukutani. Kama ina uwezo wa kufyatua, ibaki nyumbani.

La pili, kila muswada wenye silaha uombewe kibali ukiwa na jina la mtu mmoja anayesimamia silaha hizo, hata zikiwa za mbao, na mtu huyo asipewe kazi nyingine siku hiyo. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Anayesema "kila mtu ahakikishe mwenyewe" amesema hakuna mtu wa kuhakikisha.

La tatu, fomu hiyo hiyo isainiwe na mtoa fedha, akikiri kwa maandishi kwamba usalama wa seti ni wajibu wake na kwamba kumwajiri msimamizi wa silaha hakumwondolei wajibu huo. Mwendesha mashtaka apate pa kuanzia.

La nne, mwigizaji au fundi yeyote akisema "simamisha", kazi isimame, na asipoteze nafasi yake kwa kusema hivyo. Yule binti wa kidato cha nne hakukosa akili ya kuiona hatari. Alikosa pa kusimama.

Nitaambiwa haya yataiua sanaa changa isiyo na fedha. Hoja hii ningeiheshimu kama bunduki ya kweli ingekuwa ya lazima. Mwezi huo huo Halyna Hutchins alipokufa, watengenezaji wa tamthilia ya "The Rookie" walitangaza kuacha bunduki za kweli, na mwako wa mtutu wakawa wanauongeza kwa kompyuta. Mwezi uliofuata Dwayne Johnson naye akasema kampuni yake haitatumia bunduki za kweli tena. Hao wana fedha za kununua kila aina ya bunduki, na wameziacha. Sisi tunaohariri kwa simu tunaweza kuongeza mwako huo kwa programu ya bure. Fundi seremala wa Kahama atakuchongea bunduki ya mninga kwa bei isiyozidi sana ile elfu ishirini ya mlinzi, ukaipaka rangi nyeusi, ukaitumia filamu kumi. Aliyeangalia filamu akiona ni ya mbao atacheka. Tumeshachekwa kwa mengi na tunaendelea kupiga filamu.

Nitaambiwa pia kwamba mfadhili akitishwa na jela atakimbia na fedha zake. Wengine watakimbia, ndiyo. Mwenye leseni ya mgodi naye anajua jina lake liko kwenye karatasi, na dhahabu haijakosa watu wa kuitafuta. Atakayekimbia kwa sababu ameombwa kusaini kwamba hataua mtu, mwache akimbie.

Ninyi mnaopiga filamu kwenye vumbi la kanda hii, ninazipenda kazi zenu. Zinatuonesha sisi wenyewe bila kusubiri Dar es Salaam itukumbuke. Kesho mkikusanyika, kabla ya kamera kuwashwa, mmoja wenu aulize: tukio hili lina silaha, msimamizi wake ni nani? Jibu likiwa jina la mtu mmoja, aliyepo, anayeweza kusema hapana akasikilizwa, endeleeni. Likiwa ni kicheko, kusanyeni vitu mwende nyumbani.